Safu ya Maoni

Mwisho wa andalio la somo kuna safu nyembamba,
juu yake imeandikwa: Maoni.
Miaka kumi na tisa nimeijaza kabla ya kipindi,
alfajiri, maji ya chai yakichemka:
Somo limeeleweka vizuri.
Wathibiti ubora walisoma, wakagonga muhuri.
Hakuna aliyeniuliza limeeleweka na nani,
saa hiyo, Buza nzima ikiwa bado imelala.

Darasa langu lilikuwa na mlango,
na mlango ulikuwa na komeo.
Nilifundisha kama mtu anayeoga:
akisikia hatua nje, anakohoa.

Kisha masika yakang'oa bati za Sita A,
mbili tulizikuta kwa fundi makochi, ng'ambo ya barabara.
"Unganeni," akasema mwalimu mkuu.
Akaja Tumsifu, mwaka wake wa tatu kazini,
na watoto sitini na mmoja, madaftari kichwani.
Wangu walikuwa sabini na wanne.
Hesabu hiyo sikuhitaji ubao.

Siku ya kwanza tuligombea chaki.
Siku ya pili tulichora mstari katikati ya ubao,
huku kwake, huku kwangu,
kama wapangaji wawili wa luku moja.

Siku ya tatu: kugawanya sehemu.
Nikatoa kanuni yangu ya siku zote,
"Geuza ya pili, kisha?"
"Zidishaaa!"
Mia moja thelathini na tano, bati zikatetemeka.
Zamda, mtoto wa Tumsifu, akanyoosha mkono.
"Madamu, kwa nini tunageuza?"

Nikafungua mdomo.
Miaka kumi na tisa ilikuwemo humo, jibu halikuwemo.
Nikamtazama Tumsifu.
Tumsifu alikuwa anatazama viatu vyake.

Kaa chini. Ndivyo nilivyojibiwa mimi nilipokuwa Zamda,
na neno lilikwisha fika kwenye meno.
Tumsifu akaliwahi, kwa ile sauti yake ndogo:
"Hatujui. Tupeni mpaka kesho."
Darasa likanyamaza
namna mtaa unavyonyamaza umeme ukikatika.

Mchana, ofisini, tulimkatia Zamda chapati ya Bi Chausiku
juu ya gazeti lililolowa mafuta.
Nusu ina robo ngapi? Mbili.
Chapati nzima? Nne.
Tukakwama hapo, kisu hewani.
Mzee Mkude wa Kiswahili, aliyebakiza miezi mitano astaafu,
akainua macho kwenye insha zake:
"Basi si kugawanya huko. Mnauliza inaingia mara ngapi.
Kwenye kizima robo inaingia mara nne, ndiyo hiyo nne yenu.
Kwenye nusu ya kizima, nusu ya nne."
Nikaona aibu, kisha nikaona njaa.
Tukaula ushahidi.

Kesho yake Tumsifu alikata, mimi nikakaa nyuma,
dawati moja na watoto watatu, goti la mmoja mbavuni mwangu.
Kutoka pale, theluthi ya chini ya ubao haionekani.
Vichwa vimeifunika.
Nilijiinua, nikainamisha shingo, wapi.
Na mimi majibu siku zote naandika chini.

Bati zilirudi mwezi wa saba. Tumsifu akahama na watu wake.
Mstari tuliuacha ubaoni, umegoma kufutika.
Alhamisi anakuja kwangu, Jumanne naenda kwake,
na tunabishana: yeye anaharakisha mno,
mimi, anasema, sisubiri jibu, najijibu.

Usidhani tumeokoka.
Jaribio la Ijumaa, watoto arobaini na wawili
wamegeuza ya kwanza badala ya ya pili.
Mmoja amechora chapati tu, nzuri sana, bila jibu.
Nimempa nusu alama. Tumsifu angempa nzima.

Jioni hii, kengele imekwisha lia,
nafungua andalio, peni nyekundu, chaki kwenye kucha.
Naandika: Arobaini na wawili bado.
Naandika: Kesho niulize, nihesabu hadi kumi, ninyamaze.
Naandika: Juu ya ubao, juu.
Safu imejaa.
Nageuza karatasi.