Bisibisi

Kwanza kabisa, usiupige maji ya mashine.
Fundi Holo ananiambia hivyo kabla hajavua viatu,
kabla hajapokea chai.
"Hii lipu yenu si saruji, mama. Ni ngozi.
Umewahi kuogesha mtoto kwa bomba la zimamoto?"

Nacheka. Mashine nilikuwa nimeshaikodi,
iko stoo, elfu thelathini kwa siku,
imenuna.

Hapa Isamilo mawe yamesimama uchi tangu enzi,
makubwa kama makanisa, hayadai brashi wala rangi.
Nyumba ndiyo yenye aibu. Nyumba ndiyo ivaayo.
Na marehemu Nkwabi aliivisha nguo ya kigeni,
lipu ya plastiki juu ya ubao wa povu,
mwepesi kama boksi la kufungia minofu ya sangara.
Aliapa haitadai kitu miaka kumi.
Huu wa kumi na tatu. Inadai.

Upande wa ziwa, ukungu wa kijani umepanda hadi magotini
kama soksi za shule.
Chini ya taa ya baraza, usubi waliokuja Machi
wakiwa moshi mzima juu ya maji
wamebaki doa la rangi ya chai.
Na korongo wa dampo, lakini hao tusiwataje, tunakula.

Tunaosha. Sabuni kidogo, brashi laini,
kupaka kutoka chini kwenda juu, kusuuza kutoka juu kwenda chini,
nami nilidhani kuosha nakujua.
Tunafukua udongo niliouegemeza ukutani kwa ajili ya maua.
"Ukuta hunywea miguuni," anasema,
nami nang'oa bogenvilia yangu bila kubisha.
Nimebisha kidogo.

Kisha anageuza bisibisi, anagonga kwa mpini.
Ko. Ko. Ko.
Sikio limelala ukutani, macho kayafumba.
Ko. Ko.
Chini ya dirisha la ziwani: bwa.

Tunatazamana.
Ufa wenyewe ni unywele. Nimeupita miaka miwili
na ndoo mkononi, nikisema kesho.
Methali naijua, usinisomee,
niliwaandikia ubaoni darasa la nne mpaka nikastaafu.
Lakini Holo hazibi. Holo anafungua.
Kisu kinakipanua kile chembamba mpaka kinakuwa mdomo.
"Ukiziba juujuu unayafungia maji ndani.
Yanakula kimyakimya. Siku yakishiba, ukuta unakuja wenyewe."

Povu linatoka limelowa, na sisimizi na mayai yao,
na harufu ya mtungi uliosahauliwa.
Nyuma yake, kwenye tofali, penseli ya Nkwabi:
dirisha 150. Nyamizi anataka 180.
Na chini, kwa haraka:
linta ya 180, Bugumba, saruji mifuko 4, bado.

Bado.
Miaka kumi na mitatu naamkiana na Bugumba
na hajatoa neno.
Ama alisahau, ama alinistahi.
Sijui lipi zito zaidi.

"Nifunike?" anauliza Holo.
Acha pakauke kwanza.
Siku tatu tofali linakaa wazi, linapigwa na upepo wa ziwa,
siku tatu nalipita na ndoo.
Ya nne nakwenda Igoma na bahasha.
Bugumba hahesabu. Anaitia kwenye droo, anafuta kaunta
pasipo na vumbi, anauliza
kama lile dirisha lilinitosha.

Kisha povu jipya, wavu, gundi, lipu mikono miwili,
silikoni kando ya fremu, Holo akiisawazisha
kwa kidole alicholowesha mate.
Kiraka kimekuwa cheupe kuliko ndugu zake.
Jua litawasuluhisha, anasema, mpe mwaka.
Mashine nimeirudisha. Hela sikurudishiwa.

Na Jumapili, kabla ya misa ya kwanza,
nazunguka nyumba na bisibisi,
ko, ko,
mwenye nyumba nikibisha hodi,
nikisikiliza kama kuna anayetaka kunijibu.