Kabati la Wageni

Kwanza tuliliweka juu.
Maji yashuke yenyewe, alisema Mutinda,
kama tangi la paani.
Akaligongomea chujio rafu ukutani
kwa mbao zilizosalia za kitanda cha mtoto.
Likakohoa. Likakohoa usiku kucha,
likameza hewa, likatema hewa,
na samaki wetu sita wakatukodolea macho
wakiwa ndani ya chai ya rangi.

Tukalihamishia roshani.
Mpira ukavuka sebule nzima, ukapita chini ya zulia,
ukapinda mlangoni
kama shingo ya kuku siku ya Krismasi.
Maji yalirudi tone, tone,
na uvuguvugu wa jua la Januari la South B.

Kisha mvunguni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame,
nami niliinama, nimetoka zamu ya usiku,
sare ya wodi bado mwilini.
Mngurumo mdogo: nzi aliyefungiwa kwenye kopo.
Mutinda alilala. Mutinda hulala hata kwenye harambee.
Siku ya tatu Bi. Nyokabi wa ghorofa ya chini akabisha,
sufuria mkononi, na haikuwa tupu.
"Mwanangu, dari yangu inalia."

Ondieki, kijana anayeuza samaki kule Ngara,
alipanda ngazi zote akiongea na simu,
akatazama, hakucheka (namshukuru),
akalowesha kidole, akachora mezani.
Huu hapa uso wa maji. Chujio likae chini yake,
chini, lakini si mbali;
kutoka kiunoni hadi sakafuni panatosha.
Maji hujua kushuka. Mashine kazi yake ni kuyapandisha.
Mpira uwe mfupi, usijikunje.
Weka beseni, maana hakuna kifuniko
kisichochoka siku moja.
Na waya uuache uning'inie kwanza, uzame chini ya soketi,
ndipo upande,
ili tone likiufuata lidondoke sakafuni,
lisifike kwenye stima.

Mutinda akayaandika yote nyuma ya risiti ya gesi.

Chini ya tangi kuna kabati.
Ndani ya kabati, tangu harusi,
vikombe kumi na viwili vyenye ukingo wa dhahabu,
birika lenye mdomo wa bata,
zawadi ya mama mkwe, Syokau,
aliyesema: hivi ni vya wageni.
Miaka tisa. Wageni wamekuja:
mchungaji, wanachama wa chama,
dada zake watatu kutoka Wote.
Hakuna aliyefikia kiwango.

Nikavitoa kimoja kimoja.
Bei ya unga kwenye gazeti lililovifunga
ilikaribia kuniliza.
Mutinda akatoboa mgongo wa kabati matundu mawili,
moja la kwenda, moja la kurudi.
Beseni la nepi likapata kazi mpya.
Tukafungua koki, tukanyamaza.

Yakashuka. Tuliyasikia yakishuka,
yakiujaza mkebe kwa sauti ya mtu
anayekunywa akiwa na kiu kweli.
Halafu kimya,
halafu uso wa tangi ukatetemeka pembeni,
na yule mweusi ambaye Mwende amemwita Waziri,
kwa sababu ya tumbo,
akaogelea hadi kwenye mkondo, akasimama,
akauacha umsukume.

Sasa vikombe havina pa kukaa.
Vimejipanga dirishani jikoni,
na asubuhi nikirudi kutoka zamu
nakunywa chai ya maziwa kwenye dhahabu, miguu juu ya stuli.
Kimoja Mwende ameshakivunja sikio.

Mama mkwe anakuja Jumamosi.
Tutamwambia nini? ananiuliza Mutinda.
Nitamwonyesha samaki.
Nitamtilia chai, kikombe kizima.
Akitaka kujua kabatini kuna nini,
na ainame.