Kifungu cha Saba

Mwongozo wa shahada ya umahiri una kurasa arobaini na moja.
Niliusoma barazani Kihesa, ungo wa maharage mapajani,
nikitupa mawe kushoto, masharti kulia.

Kozi nane. Nimemaliza.
Semina mbili. Katika ya pili nilitetemeka,
si kwa woga: ilikuwa Julai, na dirisha halina kioo.
Lugha ya tatu ya utafiti. Nikaomba Kihehe kihesabiwe.
Kamati ikakaa. Ikanywa chai. Ikakaa tena.
"Kihehe ni data," wakaandika, "si lugha ya utafiti."
Nikajifunza Kifaransa cha kuulizia njia ya stesheni
katika mji usiopitiwa na reli.

Tasnifu: maneno elfu thelathini,
nafasi moja na nusu kati ya mistari,
pambizo la kushoto sentimita nne
ili uzi wa kujalidi upate pa kung'ata.

Halafu kifungu cha saba:
mtahiniwa ataandaa onyesho moja kamili,
lisilopungua dakika sitini,
mbele ya hadhira halisi na watahini wawili.

Hadhira halisi.
Nilikaa na maneno hayo wiki nzima
kama mtoto aliyetumwa chumvi asiambiwe ya shilingi ngapi.

Nikashuka Ilula, ghala la chama cha wakulima:
kuta tatu, bati,
harufu ya nyanya zilizokosa lori.
Mchezo wangu ulikuwa mfupi wa maneno:
mama, dalali, na tenga la lumbesa katikati yao.
Lukelo, dalali wangu, aliacha mazoezi akaenda Kilolo kuchimba viazi.
Nikamwomba dalali wa kweli, Bwana Mlowe.
Alikubali, kwa sharti tusimcheke kabla hajamaliza kusema.

Siku yenyewe matenga yaligeuka viti.
Daktari Rwechungura, mtahini wa nje,
alikuja na skafu mbili na kalamu nyekundu.
Dakika ya ishirini na mbili umeme ukakatika.
Watu wakawasha tochi za simu bila kuombwa,
wakammulika Mlowe usoni
mpaka jasho lake likawa sehemu ya mchezo.

Mwisho, daktari akasimama:
"Mtahiniwa. Ukuta wa nne umeuweka wapi?"

Nilikuwa na jibu, lenye marejeo matatu.
Nikafungua mdomo, na nyuma kabisa sauti ya mwanamke
ikanitangulia:
"Huo alikula mweka hazina!"

Ghala lilicheka hadi bati likalia.
Mweka hazina, safu ya pili,
akainama kufunga kamba za viatu.
Alikuwa amevaa kandambili.

Utetezi ulichukua saa mbili, chumba namba kumi na nne.
Umefaulu, kwa marekebisho madogo.
Siku thelathini.
Rekebisho la tano, kwa wino mwekundu:
*kauli ya ukurasa wa tisini na tatu haina chanzo.*

Nikarudi Ilula kutafuta chanzo.
Nilimkuta shambani, anafunga miche kwenye miti kwa vitambaa vya kanga kuukuu.
Kamwene, nikasema. Akaitika bila kuinuka.
Nikaeleza. Chuo. Kitabu. Haki ya aliyesema.

"Jina langu litakaa wapi?"
Chini ya ukurasa, mama.
"Chini wapi?"
Chini kabisa, kwa herufi ndogo.
"Ndogo kiasi gani?"
Nikamwonyesha kwa ncha ya ukucha.

Akautazama ukucha wangu kwa muda,
kama anayenunua.
"Mbegu ya nyanya," akasema, "ni ndogo kuliko hiyo."

Akajifuta mikono.
Basi andika. Yusta Kikoti.
Na usiisahau K ya pili,
shuleni waliisahau,
hospitali waliisahau,
kwenye daftari la chama
mweka hazina aliisahau pamoja na hela yangu.