Bomba la Bi Eudoxie

Tulikuja Dominika kulala.
Ndivyo alivyoagiza daktari kule Rotterdam:
wiki mbili, usingizi, matunda, simu izimwe.
Wiebe ana miaka thelathini na mmoja ya mabomba ya watu mikononi,
na moyo wake ulishaanza kugonga
kama bomba lililoingia hewa.

Kisiwa ni kijani hadi kinakera:
kijani cha migomba, kijani cha mawe,
kijani kinachopanda nguzo ya umeme
mpaka hujui tena kama ni nguzo.
Shati tuliloanika Jumatatu
Alhamisi lilikuwa limeota ukungu.

Siku ya kwanza alijilaza kwenye bembea ya wavu,
amenyooka kama maiti mwenye adabu.
Do, likasema bomba la jikoni.
Do.
Nikaona kidole gumba chake kikikaza nati isiyokuwepo.

Siku ya pili akamwuliza mwenye nyumba, Bi Eudoxie,
kama ana spana.
Bi Eudoxie akamtazama kutoka kofia hadi kandambili.
"Bwana, wewe umelipia kupumzika."
"Nimelipia," akasema Wiebe, "ila bado sijaletewa."

Habari haibishi hodi. Siku ya nne
kijana Kerwin alikuwa getini kwa ajili ya choo cha shangazi yake,
kisha Philbert mwoka mikate, tangi lake limepasuka tangu kimbunga,
kisha kanisa.
Walilipa kwa shelisheli la kuchoma, mkungu wa ndizi,
na chupa isiyo na lebo
ambayo daktari asingeiafiki.

Na mimi?
Mimi kila asubuhi nilishuka mtoni,
nikaegemea jiwe lililopashwa na jua
nikawaacha kamba wadogo wanikague vidole vya miguu.
Kile kitabu sikukifungua. Sikumkosa mtu,
hata yeye, nisiseme uongo,
mpaka ilipofika saa ya kula,
akaja na grisi hadi viwikoni, anapiga mluzi.

Usiku wa mwisho mvua iliangukia mabati
kama gunia la mbaazi lililofumuka.
Paa likaanza kuvuja, tone, tone,
sentimita chache kutoka kwenye sikio lake.
Nikangoja ainuke.

Akavuta beseni kwa mguu, macho kayafumba.
"Hayo ya juu," akasema, "si yangu,"
akageukia ukutani
akakoroma.