Kifungo cha Tatu

Sudbury, mwezi wa tano. Mchanga uliomwagwa barafuni
bado umelala kandokando ya barabara,
nami nimevaa shati la vifungo saba
kwa makusudi.

Miaka kumi na tisa nilishika keekee ya upepo
futi elfu nne chini ya miguu ya watu,
nikitoboa mwamba kutafuta nikeli.
Mwamba ulitoboka. Mikono nayo
ikajifunza kutetemeka hata usingizini,
mpaka ncha za vidole zikapauka kama za mtu mwingine,
na daktari akavichovya kwenye maji ya barafu,
akatazama saa yake, akaandika.
Hela nilizolipwa kwa vidole hivyo
ndizo nilizokuja nazo kununua pikipiki.
Siwema alicheka aliposikia,
kisha akaacha.

Tuula Niskanen, mwenye duka, hana maneno mengi.
Mbuzi kwenye gunia sinunui, nilimwambia,
naomba kila moja nikaiendeshe.
Akanirushia ufunguo. Niliudaka, ukaniponyoka.

Ya kwanza nyeusi, pana, silinda mbili kubwa.
Ikisimama inaruka mizani kama shairi la mlevi:
saba, kimya, tisa, kimya,
tano.
Siwezi kusema uongo, kifua kiliipenda.
Lakini kufika ziwani tu viganja vimejaa siafu,
na kwenye kioo lori moja la nyuma limekuwa matatu.
Niliporudi nikajaribu kifungo cha juu.
Kifungo kilikuwepo. Vidole havikuwepo.

Ya pili silinda nne. Ukiweka kikombe juu ya tangi
chai haitajua kama kuna safari.
Vifungo vyote saba nilivifunga, na vya mikono juu yake.
Ila kwenye taa nilisahau kwamba inawaka,
nikabonyeza kuiwasha tena, mara mbili,
na ule mlio wa meno kusagana
Tuula aliusikia akiwa ndani. Alifumba macho.

Nikasimama uani nikapima kwa vina,
maana ndivyo nilivyozoea kupima jambo gumu:

Isiyotikisa kitu, ni kiti chake kinyozi,
Inayotikisa watu, yanitoa na machozi,
Nataka yenye upatu, usiochubua ngozi,

Mshororo wa nne haukuja.
Tuula alikuwa ameshaisukuma nje ya tatu.

Si nzuri. Rangi ya maini, tangi limebonyea upande mmoja
tangu enzi za mwenyewe wa kwanza.
Silinda mbili pia, lakini ndani, alisema,
kuna mhimili unaozunguka kinyume,
kazi yake kumeza nusu ya fujo.
"Nusu tu?"
"Nusu. Inayobaki ni yako."

Nilikwenda nayo njia ya Chelmsford, kilomita arobaini.
Ikisimama, kioo kinatetemeka, lori la nyuma ni mawili.
Kwenye themanini linarudi kuwa moja,
hata namba zake zinasomeka.
Kwenye mia na kumi vikanyagio vinaanza kulia,
kidogo, kama nyuki ndani ya soksi.
Haidhuru. Mia na kumi nina haraka nayo ya nini?

Kwenye kituo cha mafuta nikafungua jaketi,
baridi ikaingia bila hodi.
Kifungo cha kwanza. Cha pili.
Cha tatu kilinisumbua, kama kinavyonisumbua
asubuhi yoyote, ukingoni mwa kitanda,
pasipo pikipiki wala mwamba:
kikaingia nusu, kikatoka,
kikaingia.

Siwema alikwea nyuma bila kuulizwa,
tukazunguka ua mara tatu, polepole,
mpaka akanigonga bega.
"Meno yangu yametulia," alisema. "Lakini bonde hilo
kwenye tangi, hatulilipii."
Tuula hajui Kiswahili.
Alitazama kidole cha Siwema kilipoelekea,
akachukua kalamu, akafuta namba,
akaandika nyingine.