Mzabibu Usionekane

Mji huu nimeupiga miaka kumi na tisa
na haujawahi kulia.
Nimeipiga ngome yake juu ya mwamba
ikiwa na theluji, ikiwa na mwezi,
ikiwa na bwana harusi aliyenilipa nusu
akatoweka na nusu.
Nimeyapiga makuba ya hamamu za Abanotubani,
matofali yaliyoumuka kama mikate,
na mvuke wa kiberiti unaonuka mayai viza:
mgeni huziba pua,
mimi hujua nimefika.

Wageni huniuliza pa kusimama.
Nawaonyesha. Pale darajani, jua liwe mgongoni.
Wote huondoka na picha ile ile,
kana kwamba waligawiwa mlangoni.

Siku hizi natoka na kamera ya Daraja Kavu,
aliyoniuzia Anzori akiapa ilikuwa ya rubani.
(Wiki moja kabla ilikuwa ya daktari wa meno.)
Picha thelathini na sita, basi.
Hufundisha macho ubahili.

Leo ya kwanza: mwoka mikate,
kiwiliwili tanurini, miguu hewani,
akibandua mkate wenye ncha kama jambia.
Ya pili: mbwa wa Tbilisi asiye na mwenyewe,
herini ya manispaa sikioni,
kalala katikati ya kivuko, magari yanamzunguka
bila kupiga honi.
Ya tatu na ya nne: lifti inayodai sarafu,
na Darejani akipanda ngazi ghorofa saba, akitweta,
kwani halipii kwenda kwake.
Ya tano sikuipiga.
Mwanamume alikuwa akilia ndani ya gari lililoegeshwa.

Kisha ule ua wa Sololaki:
veranda za mbao, kamba za nguo
roshani hadi roshani, shuka zimetuna upepo,
na mzabibu uliopanda ghorofa mbili
bila kumwomba mtu ruhusa.
Mwanga ulikuwa wa maziwa. Nikachuchumaa.

Dirisha likafunguka. "Wewe! Nani kakutuma?"
"Sijatumwa, mama."
"Na wale wa mwaka juzi walisema hivyo hivyo.
Wakapiga picha, wakapima,
wakaandika namba kwa rangi nyekundu.
Kwa akina Kobalia sasa ni hoteli.
Wakitaka kuuona ua waliozaliwa
wananunua kahawa."

Jina lake Mzevinari.
Akashuka na kandambili za kiume, akavua aproni,
nikadhani anajiandaa kupigwa yeye.
Akanishika kiwiko, akanipitisha nyuma ya majani.
"Huu. Piga huu."

Ufa.
Toka msingini hadi dirisha la juu.
Akatia mkono wake ndani, ukazama hadi kifundo,
akautoa mweupe wa vumbi.
Viraka vya plasta vimeuvuka kama vifungo vya shati,
kila kimoja na mwaka wake kwa penseli:
themanini na saba, elfu mbili na mbili, na kumi na moja.
"Mashahidi," alisema.
Kila shahidi amepasuka katikati.

Wanasema ziba ufa.
Ameziba: kwa gundi, kwa magazeti,
kwa soksi za marehemu.
Ukuta ni wa wote,
yaani hauna mwenyewe.

"Piga na tarehe zisomeke.
Lakini mzabibu usionekane.
Wakiuona mzabibu
watasema pazuri."

Nikapiga zote thelathini na mbili zilizosalia,
mwanga ukiwa mbaya, goti ndani ya dimbwi,
naye kasimama pembeni, mikono kifuani,
kama mtu aliyeleta mgonjwa.

Usiku, bafuni, chini ya taa nyekundu,
nikaitikisa karatasi ndani ya beseni.
Ufa ulijitokeza kwanza.
Ukuta ulikuja baadaye, polepole,
kuuzunguka.

Kesho nampelekea bahasha.
Pembeni mwa moja liliingia jani;
nimelikata kwa mkasi, kama alivyotaka.
Lipo hapa mezani, dogo kuliko kucha.
Sijui nilitupe wapi.