Usianze na Uso

Usianze na uso, Kunda. Nyuso zao ni moja:
shingo nene, jicho kubwa linalotazama juu,
mkanda wa lulu kichwani, ncha mbili zinaning'inia kisogoni.
Aliyechonga hakumwona mfalme,
kama mimi nisivyomwona mwenye saa
anayemtuma mtoto na noti ya elfu tano.

Geuza. Anza nyuma.
Sogea mlangoni, jua la saa nne
linapopita juu ya bati la duka la mbolea
na kuingia Kiusa kwa ubavu.
Mwanga wa utosini unaua herufi.
Wa ubavuni unaziinua,
kama umande unavyofichua uzi wa buibui kwenye mibuni.

Unaona nini? Askari. Mkuki.
Farasi amepiga magoti, na mtu
anaanguka, mkono ameurusha nyuma, vidole wazi,
anaomba au anatukana, sijui.
Zunguka na maandishi: FEL, halafu TEMP, halafu kutu.
Maana yake, nyakati njema zimerudi.
Usicheke. Ndivyo walivyoandika,
juu ya mtu anayechomwa mkuki.

Sasa chini ya mstari, padogo kama ncha ya sindano ya dakika:
A, L, E. Karakana ya Aleksandria.
Kumbe ni ya bara hili hili,
ingawa kufika Moshi ilizungukia Ugiriki
mfukoni mwa babu yake Bwana Lefteri.

Haya, rudi kwenye uso. Limebaki pande la jina: NSTAN.
Hapo ndipo wengi hukwama.
Konstantino baba, Konstantino mwana, Konstantio, Konstansi,
ni kama kwa Mama Elianasia kule Kibosho:
Elinami, Elifuraha, Elibariki, Elirehema,
ukiita "Eli!" wanatoka wanne
na kila mmoja anadhani anaitwa kula.
Lakini farasi huyu alianguka baba yao akiwa kaburini,
na kaka mkubwa naye keshauawa
akigombea kihamba cha mdogo wake.
Wamebaki wawili. Weka kwenye mizani.
Gramu mbili na nukta tatu.
Za Konstansi zilikuwa pana; hii imesinyaa
kama shilingi ninayoijua mimi.
Ni Konstantio. Andika.
Kwa penseli, si kalamu.

Zilikuwa arobaini na moja, ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Mwaka mashamba yalipochukuliwa
Lefteri alidaiwa mishahara ya miezi mitatu
na baba yangu, Ndekirwa, aliyempogolea mibuni.
Akampa kopo. "Za wafalme hizi. Usiziuze haraka."
Baba hakuziuza haraka.
Aliziezekea nyumba, kichwani. Alizinunulia ng'ombe,
akanilipia ada hadi darasa ambalo sikulifika.
Mama akikosa chumvi anaambiwa: ngoja.

Nimezisoma zote ila moja.
Ni chenji, Kunda. Chenji ya mkate, ya mafuta ya taa yao,
zilimwagwa kwa mamilioni, zikadondoka kwenye nyufa za sakafu
na hakuna aliyeinama kuziokota.
Kopo zima halinunui bati kumi.
Afadhali amekufa kabla sijajua kusoma.

Ile moja ndiyo hii.
Aliisugua kwa ndimu na majivu usiku kucha
ili asubuhi amwonyeshe dalali wa sokoni inavyong'aa.
Na iling'aa. Tazama: haina uso, haina askari,
laini kama kokwa la mbura.
Geuza, chungulia ubavuni, panda juu ya kiti ukitaka.
Inaweza kuwa ya yeyote kati ya wale wanne.
Inaweza kuwa kifungo cha koti la Lefteri.

Itie bahasha yake.
Penye jina la mfalme andika Ndekirwa.
Penye karakana, jikoni kwetu.
Uzito pima mwenyewe, mkono wangu leo hautulii.
Halafu nipe ile saa ya mwalimu,
ile inayochelewa dakika nne.